Umeutendea Wema Gani?

Siku niliyostaafu nilirudisha pikipiki, koti la mvua na funguo za ghala. Kioo cha kukuzia sikurudisha, kwa sababu hakikuwa cha serikali. Kilikuwa cha marehemu Nampindo, aliyenifundisha kazi, na anayekidai na aje anifuate hapa Pemba ya Msumbiji kwa binti yangu, nitamtengea chai. Vijana wawili wa idara ya kilimo walionitembelea juzi hawakutaka kioo. Walitaka niwaandikie mbinu. Niliwaambia mbinu zimo kwenye vitabu vyao vya Kireno, tena vina picha za rangi. Mimi nitawaandikia habari za majani ya manjano, maana nusu ya miaka yangu ya kazi niliimaliza nimechuchumaa mbele ya jani la manjano, na nusu nyingine nikitengeneza pikipiki ili nilifikie jani jingine.

Kazi niliianzia Awasse, pale njia panda. Nilifika na viatu vipya na cheti kilichokunjwa ndani ya bahasha mbili. Nampindo alikuwa Mmakonde wa kule juu nyandani, mtu wa maneno machache na kofia moja. Cheti hakukitazama. Alinipeleka nyuma ya ofisi, akanionyesha shina la muhogo lililopauka, akasema, "Kaa hapa. Adhuhuri utaniambia una nini."

Adhuhuri nilimsomea magonjwa matano, yote kwa Kireno. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Limeanza jani la juu au la chini?" Sikujua. Asubuhi nzima nilikuwa nimetazama daftari langu.

Basi hilo ndilo somo la kwanza, na nyie lichukueni bure. Majani ya chini yakitangulia kugeuka manjano, mmea una njaa. Unayala majani ya zamani ili uyalishe machanga. Ya juu yakitangulia, tena mishipa ikabaki kijani, chakula kipo ila mmea umefungwa mdomo: ardhi ina chokaa nyingi au chumvi, au mizizi imelala kwenye maji. Ncha zikiungua kahawia, ulizeni chumvi kwanza. Manjano yakiwa ya vitone vitone, geuzeni jani mtazame wadudu upande wa chini, na hapo ndipo kioo kinapofanya kazi. Udongo muuonje. Najua mtakunja nyuso. Nampindo aliuonja kama mpishi anavyoonja mchuzi, akatema, akasema jibu, na mara nyingi lilikuwa sahihi.

Somo la pili lilichukua muda mrefu kuniingia. "Mkulima usimuulize amekosea wapi," aliniambia siku moja tukirudi kwa miguu, pikipiki imetugomea. "Atakwambia hakukosea, na ataudhika bure. Muulize ameutendea mmea wema gani. Hapo atakueleza yote, na utaona mwenyewe kilichoua." Kweli nimeona papai likifa kwa kumwagiliwa kila saa, na nyanya zikiungua kwa samadi mbichi ya mbuzi, mapenzi matupu. Sumu ya makusudi sikuiona hata mara moja.

Na kitu cha tatu alichonipa ni jivu. Ardhi ya kule kwao ni chachu, na konzi ya jivu la jikoni kuzunguka shina huirudisha mahali pake. Nilipohamishiwa Olumbi, kisha Palma, nililibeba jivu hilo kama mtu anavyobeba dua ya bibi yake. Kila mkutano wa wanawake wa bustani nilihubiri jivu. Na lilifanya kazi! Kuni zilitoka porini bara, jivu lake lilikuwa jepesi na jeupe, mboga zikashika. Wakaniita Bwana Jivu. Nilijifanya silipendi jina hilo, lakini ukweli nililipenda sana.

Halafu ikaja miaka ya gesi. Nyie mlikuwa shule, kwa hiyo niwaambie ilivyokuwa. Kwanza zilikuja habari kwamba imeonekana chini ya bahari, kisha yakaja magari meupe, kisha helikopta, kisha chumba cha udongo cha Palma kikapangishwa kama nyumba ya gavana. Baadaye uzio wa kampuni ya gesi ukapanda Afungi. Vijana wakaingia ndani kuchimba mitaro, kupika na kulinda lango, na waliokosa wakakaa nje kuwatazama walioingia. Tangu hapo kila lililoharibika lilikuwa la gesi. Kuku akitaga yai bila ganda, gesi. Mtoto akichelewa kusema, gesi. Mimi nilicheka. Nilikuwa mtu wa elimu.

Kwenye kijiji kimoja kati ya Palma na huo uzio palikuwa na kikundi cha bustani kilichoongozwa na Bi Zaina, mke wa mwalimu wa madrasa, mwanamke aliyeweza kukunyamazisha kwa kukohoa tu. Mwaka wa pili wa uzio matuta yao yakaanza kupata manjano. Bi Zaina akanieleza sababu kabla sijashuka kwenye pikipiki. "Gesi inapita chini, inapika mizizi." Nikamwambia gesi iko mbali baharini, mama, haina habari na mchicha wako. Nikawaambia waongeze jivu.

Ijumaa moja baada ya swala alinifuata wifi yake, Bi Amina, dada wa huyo mwalimu. Alikuwa mtu mpole, wa kukaa safu ya nyuma mkutanoni, na ndiye aliyefuata maneno yangu kuliko wote. Nikisema konzi moja, alipima konzi moja. Alinivuta pembeni ya ukuta, akafungua pindo la leso, akatoa jani.

"Bwana Jivu, muhogo wangu huu una nini?"

Jani lilikuwa na vidole saba, kama la muhogo. Ila muhogo hauna meno. Hili kingo zake zote zilikuwa zimechongwa kama msumeno mdogo. Nikalitazama, nikamtazama yeye, mtoto wa nyumba ya chuoni, shanga za tasbihi mkononi.

"Muhogo wa meno huu, Bi Amina?"

Akainamisha kichwa. "Ni wa mzee wangu," akasema. "Si wa starehe, mwanangu. Njoo uone kabla hujanihukumu."

Ilikuwa suruma, ambayo wengine mnaiita bangi. Kisheria nilitakiwa kupita kwenye posto ya polisi. Nilikuwa nimevaa shati la idara lenye nembo kifuani, na nawaambia wazi, niliogopa. Nikaenda naye huku nimeufunika mfuko wa shati kwa daftari, kana kwamba nembo ingeona.

Mumewe, Mzee Nfaume, alikuwa mkata miti wa kapani, zile boriti za mikoko za kujengea nyumba. Nilikuwa nikimfahamu mtu mwenye mabega ya kubeba boriti nne. Sasa alikuwa juu ya kitanda cha kamba, amebaki macho na mbavu. Tumboni alikuwa na uvimbe. Hospitali ya Pemba ilimpima, ikampa vidonge, ikamwambia arudi akakae na watu wake. Kila alichokila kilirudi. Binamu yake aliyekuja kutoka upande wa Mtwara ndiye aliyewafundisha kuchemsha majani yale. Mimi si daktari, sisemi ni dawa. Nasema niliyoyaona: akinywa kikombe, baada ya muda anakula uji na unakaa, na alasiri anaweza kuketi kitako akaswali. Asipokunywa, anapiga kelele akiwa ameuma shuka ili majirani wasisikie.

Miche ilikuwa mitatu, ndani ya madumu yaliyokatwa, nyuma ya ua wa kuogea. Yote mitatu imepauka.

"Ikifa hii," Bi Amina alisema, "mbegu sina tena. Na yule binamu hapiti siku hizi, njia imekuwa ngumu."

Hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu, maana ndipo nilipoharibu. Sikuchuchumaa. Sikugeuza jani. Kioo kilikuwa mfukoni na kilibaki mfukoni. Nilisimama mlangoni mwa ua, sikio langu liko barabarani, nikatazama kwa mbali kama mtu anayetazama maiti asiyemhusu, nikasema, "Ina njaa. Ongeza jivu." Nikaondoka mbio. Miaka ishirini na zaidi ya kazi, na woga ulinirudisha hadi ile asubuhi ya Awasse.

Wiki iliyofuata Bi Amina hakuja kunitafuta. Nilimkuta kisimani, akanisalimia, akasema tu, "Mmoja umekufa." Hakulaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikavua shati la idara, nikavaa fulana, nikaenda naye.

Safari hii nilikaa chini kabisa, suruali ikalowa. Manjano yalikuwa juu, kwenye majani machanga, mishipa imebaki kijani. Ncha zimeungua. Majani ya chini hayakuwa na neno. Yote aliyonifundisha Nampindo yalikuwa yameandikwa pale, wazi, na wiki moja nyuma hata mtoto wa shule angeyasoma. Nikauliza swali lake.

"Bi Amina, umeutendea wema gani?"

"Jivu," akasema. "Konzi moja kila Ijumaa, kama ulivyotuambia. Na juzi nikaongeza, kama ulivyoniambia."

"Na kabla ya mwaka huu?"

"Jivu vilevile. Ilipendeza sana."

Nikachota jivu jikoni kwake, nikatia ulimini. Jamani, lilikuwa chumvi. Si chumvi ya kudhani, chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Nikatema, nikauliza kuni anatoa wapi siku hizi. Akanitazama kana kwamba nimetoka nchi nyingine. Porini kwa zamani hakuendeki tena, uzio umekata njia na walinzi wanawarudisha. Kijiji kizima sasa kinapikia mikandaa, aina ya mikoko, inaletwa kwa mtumbwi kutoka kwenye mkono wa bahari.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini ina kicheko chake cha zamani.

"Bwana Jivu! Nkandaa umelala baharini maisha yake yote. Ulidhani jivu lake litakuwa tamu?"

"Mzee, ulikuwa unajua?"

"Najua nkandaa. Jivu hukuniuliza. Wewe uliwauliza wanawake, tena hukuwauliza, uliwaambia."

Nilikuwa nimewacheka watu kwa kusema gesi inaua mchicha. Gesi haikupika mzizi wowote. Ila gesi ilileta uzio, uzio ukabadilisha kuni, kuni zikabadilisha jivu, na jivu nililihubiri mimi. Bi Zaina alikosea njia lakini alikuwa ameielekea nyumba. Mimi niliyesoma sikuwa hata barabarani.

Tiba yake ni rahisi kueleza na ngumu kubeba. Chumvi haitolewi na dawa, inatolewa na maji. Tulikwangua tabaka lote la juu lenye jivu. Tukatoboa madumu matundu zaidi chini. Kisha unamwaga maji matamu polepole mpaka yatiririke, unayaonja yanayotoka, unasubiri udongo ukauke kidogo, unamwaga tena. Mara tatu, nne, mpaka yanayotoka yasiwe na ladha. Juu yake unaweka udongo mweusi wa chini ya mikorosho uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, mkono mmoja tu, usizidishe mapenzi. Na jani lililokwisha kuungua msilitazame tena, halirudi. Tazameni linalochipuka.

Shida ilikuwa maji matamu. Kisima cha karibu kilikuwa cha magadi, kingeongeza chumvi juu ya chumvi. Kizuri kilikuwa kile cha juu, mwendo mrefu, na kisimani kila mtu anajua mwenzake anapikia watu wangapi. Mwanamke wa watu wawili, mmoja hali, anachota madumu sita ya nini? Bi Amina akawa anakwenda alfajiri kabla ya wenzake, na mchana wenzake wakipumzika. Nilimwona siku ya nne, anatua dumu kila baada ya hatua kumi. Nilijitolea kumpelekea kwa pikipiki. Akakataa. "Watauliza Bwana Jivu ananiletea maji kwa lipi," akasema, na alisema kweli.

Wakati huohuo kulikuwa na matuta ya kikundi. Siwezi kumwokoa mmoja nikawaacha wengine waendelee kutia chumvi kwa amri yangu. Nikaitisha mkutano, nikasimama mbele ya wanawake wote, nikasema, "Jivu acheni. Nilikosea."

Nadhani nilitegemea wanishukuru. Bi Zaina alikohoa.

"Miaka yote umetuambia jivu, mpaka watoto wanakuimba. Leo si jivu. Kesho je? Sisi tunasema ni gesi, wewe unacheka. Sasa umetumwa na hao wa uzio uje utuambie kosa ni la majiko yetu?"

Nikaeleza mkandaa. Nikaeleza chumvi. Mmoja akasema jivu ni jivu, moto unakula kila kitu. Nikawaambia walionje, wakacheka, nani aonje jivu? Mwingine akauliza swali la haki kabisa: "Umeliona wapi hilo? Nyumba ya nani? Tutajie tukaone."

Nikasema, "Kwenye muhogo fulani." Hata mimi nilisikia uongo ulivyolia. Watu wakaanza kukunja mikeka yao. Nilijua watakwenda nyumbani na kutia jivu, kwa hasira, mara mbili.

Bi Amina akasimama kule nyuma. Nilimtikisia kichwa, akae. Hakunitazama.

"Ni kwangu," akasema.

Mikeka ikaachwa nusu imekunjwa.

"Si muhogo. Ni suruma. Mume wangu hali chakula bila hiyo, na mnajua alivyo, hamjui zaidi kwa sababu nimewafichia. Niliipa jivu la nkandaa, ukafa mmoja. Nimeiosha kwa maji ya kisima cha juu siku sita. Jana imetoa jani la kijani. Anayetaka kuona, nyumba yangu mnaijua. Anayetaka kwenda posto, njia anaijua." Kisha akaketi, akajifunika ushungi hadi machoni.

Sikuwahi kuona ujasiri wa namna ile, na nimeona watu wengi wakisimama mbele ya watu. Dada wa mwalimu wa madrasa, mbele ya mke wa mwalimu, kwa ajili ya mchicha wa wenzake. Niliona aibu kukumbuka nilivyoificha nembo ya shati langu siku ile ya kwanza.

Wote wakamgeukia Bi Zaina. Alikuwa ameinamia mkeka. Nilitegemea kikohozi. Aliponyanyua uso ulikuwa umelowa.

"Siku sita," akasema. "Nilikuona kisimani, wifi yangu. Nikawaambia hawa Amina kaingiwa na wazimu, anachota maji ya kumwaga. Siku sita unabeba peke yako, na mimi nina mabinti wanne nyumbani?"

Mkutano ukaisha bila dua, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nikarudi Palma bila kujua kama asubuhi ingefika na polisi au na nini.

Asubuhi nilipita kwa Bi Amina mapema, shati la idara mwilini, kwa kuwa niliona kama kuna wa kukamatwa basi tukamatwe vizuri. Mlangoni kwake yalikuwa yamepangwa madumu ya maji, kumi na moja, ya njano na ya bluu, yamefungwa vifuniko. Nikachovya kidole kwenye la kwanza nikaonja. Tamu. Nikaonja na la mwisho. Bi Amina alikuwa amesimama ndani ya mlango, hajui apite wapi. Hakuna jirani aliyekuwa nje, milango yote imefungwa, kana kwamba maji yalikuja yenyewe.

"Nani?" nikamuuliza.

"Sijaona ntu," akasema, na akalia.

Ndani, Mzee Nfaume aliita aambiwe kuna nini. Tukamwambia. Akataka abebwe akaone. Alikuwa mwepesi, nilimbeba peke yangu, mtu wa boriti nne. Akayahesabu madumu kwa midomo, halafu akaomba apelekwe nyuma, kwenye ua, akaligusa lile jani jipya kwa ukucha wa kidole gumba. Aliishi hadi mwisho wa masika ile. Aliswali ameketi karibu kila alasiri, na maji hayakukatika mlangoni hata siku moja. Posto hakuenda mtu. Mwalimu wa madrasa mwenyewe ndiye aliyemwosha shemeji yake, na arobaini ilipopita Bi Amina aling'oa miche ile kwa mkono wake, akapanda bamia kwenye madumu yaleyale.

Nampindo alikuwa amefariki zamani, sikuweza kumweleza. Nilikwenda Olumbi na kila kijiji nilichokihubiria, nikasema nilikosea, na wengi walicheka. Jina la Bwana Jivu halikunitoka, ila sasa waliliita kwa namna nyingine, na nililistahili.

Vijana, kioo mkikitaka njooni mkichukue. Nitampa yule atakayeniambia kwanza, kabla ya kufungua daftari, kama jani limeanza juu au chini.